Kuingia kwenye muziki wa Frank Zappa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapomshawishi mtu amsikilize Zappa, haipiti wiki kabla hajanirudia na maswali, na maswali yenyewe huwa ni yale yale. Nimeyapanga hapa kwa mafungu: ya mgeni kabisa kwanza, ya wenye kiu zaidi mwishoni. Jibu likihusiana na jingine, nimeelekeza pa kutazama.

## Mambo ya mwanzo

Frank Zappa alikuwa nani?

Ni Mmarekani: mpiga gitaa, mtunzi, kiongozi wa bendi na mtayarishaji wa rekodi zake mwenyewe. Alizaliwa Baltimore, Maryland, tarehe 21 Desemba 1940. Alifariki Los Angeles tarehe 4 Desemba 1993 kwa saratani ya tezi dume, zikiwa zimebaki wiki mbili na ushei atimize miaka 53. Baba yake, mzaliwa wa Sisili, alifanya kazi kwenye taasisi za kijeshi. Walipoishi Maryland, karibu na ghala la silaha za kemikali, nyumbani kwao kulikuwa na barakoa za kujikinga na gesi. Baadaye familia ilihamia California, ikaishia Lancaster, mji wa jangwani.

Kuna kisa kimoja kinachomweleza kuliko vyote. Akiwa kijana alisoma makala kwenye gazeti iliyoitaja rekodi ya mtunzi Edgard Varèse kuwa ni kelele tupu za ngoma. Wengine wangeipita. Yeye aliitafuta mpaka akaipata, akaicheza nyumbani mpaka mama yake akachoka. Alipotimiza miaka 15, mama alimpa dola 5 za zawadi. Kijana akaomba badala yake apige simu ya mbali, New York, azungumze na Varèse. Mzee alikuwa safarini Ulaya, simu ikapokelewa na mkewe. Na kijana huyo huyo alikuwa akikusanya santuri za bluzi na nyimbo za mapenzi za makundi ya mitaani. Vyote viwili vilikaa kichwani mwake kwa heshima sawa, na havikuwahi kutengana.

Ni muziki wa aina gani hasa?

Roki, bluzi, jazi, okestra, vichekesho vya kuimbwa, muziki wa kompyuta, na sauti za watu wakiongea ndani ya piano. Usihangaike kutafuta jina moja. Aliandika noti kwa mkono, akazifanyisha mazoezi makali, kisha usiku akazipeleka jukwaani mbele ya vijana waliokuja kucheka.

Ni kweli ana albamu zaidi ya 100?

Kweli. Zilizotoka akiwa hai ni zaidi ya 60, kuanzia 1966 hadi 1993. Baada ya kifo chake familia, kupitia mkanda mmoja mmoja wa ghala lake, imetoa nyingine karibu idadi hiyo hiyo. Ndiyo maana mtu akikuambia "sikiliza Zappa" bila kutaja albamu, hajakusaidia kitu.

Basi nianzie wapi?

Anza na *Hot Rats* ya 1969. Sababu yangu ni moja: karibu yote ni ala tupu, hivyo hakuna kichekesho cha kukupotosha. Watu wengi hukutana na Zappa kupitia wimbo wa utani, wakamweka kwenye kabati la wachekeshaji na kufunga mlango. Hiyo ni hasara kubwa.

Weka wimbo wa kwanza, "Peaches en Regalia". Ngoma zinaporomoka mara moja, kama mtu anayeteremka ngazi mbio, kisha wimbo unafunguka. Ni dakika tatu na nusu hivi, lakini ndani yake kuna vipande vingi vya sauti, kila kimoja na mavazi yake. Ian Underwood amezirundika saksafoni, filimbi na vinanda peke yake, tabaka juu ya tabaka, kwenye mashine ya kurekodia ya njia 16 ambayo wakati huo ilikuwa ngeni kabisa. Nyingine zimerekodiwa kwa mkanda uliopunguzwa mwendo ili ukirudishwa kasi yake sauti ipande, iwe nyembamba na ya kung'aa. Anayepiga besi ni Shuggie Otis, kijana wa miaka 15. Usikilize mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza utafuata wimbo, ya pili utasikia besi, ya tatu ndipo utagundua kwamba hakuna kitu kilichowekwa kwa bahati.

Ukimaliza hapo, nenda *One Size Fits All* ya 1975, kisha *Apostrophe (')* ya 1974. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyopanda juu kuliko zote kwenye chati ya Billboard ya Marekani, nafasi ya 10, na ni mahali pazuri pa kukutana na ucheshi wake ukiwa tayari unajua mkono unaoutunga.

Kiingereza changu si kizuri. Nitakosa mengi?

Utakosa vijembe, hutakosa muziki. Na tukubaliane: hata Mwingereza hukosa nusu ya vijembe hivyo, maana vimefungwa kwenye matangazo ya televisheni, misemo ya vijana wa Los Angeles na wanasiasa wa Marekani wa miaka hiyo. Aliyekulia kwenye taarabu ya mipasho ananielewa: kijembe kina makali pale tu unapomjua anayesemwa.

Msikilizaji wa muziki wa dansi ana faida nyingine. Amezoea kungoja waimbaji wamalize ili gitaa la solo lishike usukani. Kwa Zappa safari ni ile ile, ila gitaa likishika usukani halirudi upesi.

## Vipindi vyake, kwa ufupi na kwa urefu

The Mothers of Invention ni nani?

Ni bendi yake ya kwanza kurekodi albamu, iliyotoa *Freak Out!* mwaka 1966, moja ya albamu za kwanza kabisa za roki kutoka kwa santuri mbili. Kilele cha kipindi hicho, kwangu mimi, ni *We're Only in It for the Money* ya 1968. Ilitoka wakati vijana wa maua na nywele ndefu wakionekana ndio wokovu, naye akawadhihaki wao, polisi waliowapiga, na wazazi waliojifanya hawaoni. Picha ya jalada la albamu hiyo iliigiza jalada la The Beatles la mwaka uliotangulia. Kampuni ya rekodi iliogopa ikaificha ndani, ya ndani ikatolewa nje.

*Uncle Meat* ya 1969 ni ya kusikiliza baadaye, ukishazoea. Bendi ya awali ilivunjwa mwaka huo huo.

Mwaka 1971 kulitokea nini?

Mambo mawili ndani ya wiki moja. Tarehe 4 Desemba wakiwa Montreux, Uswisi, ukumbi wa kasino uliungua katikati ya onyesho baada ya mtu kurusha fataki, na vyombo vyao vyote vikateketea. Moshi ule juu ya ziwa ndio uliowapa bendi ya Deep Purple wimbo wao maarufu kuliko zote, "Smoke on the Water". Tarehe 10, kwenye ukumbi wa Rainbow jijini London, mtazamaji alimsukuma Zappa kutoka jukwaani akatumbukia kwenye shimo la okestra. Alivunjika mguu, koromeo likapondwa, akakaa kwenye kiti cha magurudumu miezi mingi.

Athari yake inasikika kwenye rekodi. Sauti yake ilishuka, ikawa ile nzito ya kunong'ona karibu na sikio, na baadaye akaitumia kama msimulizi. Na kwa kuwa hakuweza kuzunguka, alikaa akaandika muziki wa bendi kubwa yenye tarumbeta nyingi: *Waka/Jawaka* na *The Grand Wazoo*, zote za 1972. Ukipenda jazi, usizipite.

Bendi yake bora ni ipi?

Kwa hili watu hugombana, nami nina upande wangu: ile ya 1973 hadi 1974, ya George Duke kwenye vinanda, Ruth Underwood kwenye marimba na vibrafoni, Napoleon Murphy Brock akiimba na kupuliza saksafoni, Tom Fowler kwenye besi na Chester Thompson kwenye ngoma. Walikuwa na uwezo wa kupiga kitu kigumu kupindukia huku wakicheka.

Sikiliza "Inca Roads" iliyofungua *One Size Fits All*. Duke anaimba habari za vyombo vya angani kana kwamba anamsimulia jirani, mapigo yanabadilika chini yake kila sekunde chache, halafu ghafla kila kitu kinatulia na gitaa linaingia. Hapo simama. Msingi wa wimbo ulirekodiwa kwenye studio ya televisheni Los Angeles, lakini solo lile lilipigwa Helsinki, Septemba 1974, kisha likaunganishwa. Mshono hausikiki. Kisha Ruth Underwood anaingia na marimba kwa kasi inayomfanya mtu aache anachofanya. Tamasha la Helsinki lenyewe lilitolewa 1988, kwenye juzuu ya pili ya *You Can't Do That on Stage Anymore*, na "Inca Roads" ya humo inakwenda kasi zaidi.

"The Black Page" ni nini, mbona wapiga ngoma wanaitaja kwa hofu?

Jina linatokana na karatasi ya noti iliyojaa wino hadi ikawa nyeusi. Zappa alimwandikia Terry Bozzio solo la ngoma mwaka 1976, kila pigo likiwa limeandikwa. Baadaye akaupa mdundo ule melodia, na hatimaye akauweka juu ya mapigo ya disko ili watu waweze kuucheza. Vyote vimo kwenye *Zappa in New York* ya 1978. Linganisha hatua hizo na utaona namna alivyofikiri: kitu kigumu hakikuandikwa ili kiwatishe watu, kiliandikwa ili hatimaye wakicheze.

Gitaa lake lina tofauti gani na la wengine?

Hakuwa na haraka ya kuonyesha ufundi. Alianza na ngoma, gitaa lilikuja baadaye, na walimu wake walikuwa santuri za Johnny "Guitar" Watson na Guitar Slim. Ndiyo maana solo zake zinaongea. Sentensi zake ni ndefu, mikato yake haifuati mapigo ya chini, kama mtu anayezungumza wakati mwingine anatembea. Mara nyingi chini yake kuna kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) moja au mbili tu, ili sikio lifuate hadithi na si mabadiliko ya kodi.

Wenye kupenda hilo peke yake wana *Shut Up 'n Play Yer Guitar* ya 1981, santuri tatu za solo. Lakini ninayoirudia mimi ni "Watermelon in Easter Hay", karibu na mwisho wa *Joe's Garage* ya 1979. Albamu nzima ni hadithi ya nchi ambayo muziki umepigwa marufuku. Joe ametoka gerezani, gitaa hana, na kilichobaki ni kupiga solo la mwisho ndani ya mawazo yake. Msimulizi ananong'ona maneno machache kisha ananyamaza. Mapigo ni tisa kwa kila mzunguko, kodi ni mbili, na kwa dakika kama tisa gitaa linalia polepole bila kupandisha sauti. Baada ya saa nzima na zaidi ya matusi na vituko, hakuna mzaha hata mmoja hapo. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikuwa ninaosha vyombo, nikafunga bomba.

Na muziki wake wa okestra?

Hakuuchukulia kama kazi ya pembeni. Mwaka 1983 alirekodi na London Symphony Orchestra chini ya kijana Kent Nagano, kwa fedha zake mwenyewe. Mwaka 1984 ikatoka *The Perfect Stranger*, ambamo Pierre Boulez, jina zito mno kwenye muziki wa kisasa wa Ulaya, aliongoza vipande vitatu.

Anza na *The Yellow Shark* ya 1993, iliyopigwa na Ensemble Modern ya Ujerumani kwenye matamasha ya Septemba 1992. Zappa alikuwa mgonjwa sana lakini alisafiri, akaongoza baadhi ya vipande mwenyewe. Tamasha linafungwa na "G-Spot Tornado", kipande alichokuwa amekitunga kwa mashine kwa kuwa kilionekana kupita uwezo wa vidole vya watu. Wale Wajerumani wakakipiga, na hadhira haikukubali kuondoka.

Mashine gani hiyo?

Synclavier, kompyuta ya muziki aliyoinunua miaka ya 1980 baada ya kuchoka kuwasubiri wapigaji wakosee. *Jazz from Hell* ya 1986 ni ya mashine hiyo karibu yote, isipokuwa "St. Etienne", solo la gitaa lililopigwa Ufaransa. Ilimpa tuzo ya Grammy. Mimi huisikiliza kwa heshima zaidi kuliko kwa mapenzi.

## Dhihaka, matusi na siasa

Alikuwa mchekeshaji au mwanamuziki?

Swali lenyewe lingemuudhi. Alitumia kicheko kama mpishi anavyotumia pilipili: ndicho kinachokufanya ukumbuke chakula, lakini chakula si pilipili. Aliowadhihaki zaidi ni wahubiri wa televisheni, wanasiasa, kampuni za rekodi, na vijana waliojiona waasi huku wakivaa sare moja.

Naweza kuucheza sebuleni watoto wakiwepo?

Albamu za ala, ndiyo. Nyingine, sikiliza kwanza peke yako. *Sheik Yerbouti* ya 1979 iliuza kuliko zote, na wimbo "Bobby Brown" ulivuma sana Norwe na Uswidi, lakini maneno yake ni machafu waziwazi. Humo humo kuna wimbo unaowasema mabinti wa Kiyahudi, ulioleta malalamiko rasmi. Nyimbo kadhaa za kipindi hicho kuhusu wanawake na mashoga hazinifurahishi, na sioni sababu ya kumtetea kwa kila alichosema. Sikio langu huziruka, linakwenda kwenye solo.

Kwa nini alikwenda mbele ya Seneti?

Tarehe 19 Septemba 1985 kamati ya Seneti ya Marekani ilisikiliza hoja ya kundi la PMRC lililotaka rekodi ziwekewe alama za onyo. Zappa alikwenda kupinga, amevaa suti na tai, akazungumza kwa utulivu juu ya haki ya kusema. Siku hiyo walitoa ushahidi pia wanamuziki John Denver na Dee Snider. Kisha akachukua sauti za maseneta kutoka kwenye kikao chenyewe, akazikatakata na kuziunga kuwa kipande kinachoitwa "Porn Wars" kwenye *Frank Zappa Meets the Mothers of Prevention*. Toleo la Ulaya la santuri hiyo halikuwa na kipande hicho, basi angalia unachonunua.

Alitumia dawa za kulevya?

Hapana, na hakuwavumilia wanamuziki waliozitumia kazini. Alivuta sigara na kunywa kahawa mno. Muziki ule umetoka kwa mtu mwenye akili timamu aliyelala mchana na kufanya kazi usiku kucha.

Nimesikia ana mashabiki wakubwa Ulaya Mashariki. Kwa nini?

Kwa sababu huko kumsikiliza kulikuwa na gharama. Bendi ya Plastic People of the Universe ya Prague ilichukua jina lake kutoka kwenye wimbo wa *Absolutely Free* ya 1967, na kukamatwa kwao mwaka 1976 kulichangia kuzaliwa kwa Charter 77, tamko la kudai haki za binadamu. Václav Havel alipokuwa rais, alimpokea Zappa Prague mwaka 1990. Lithuania nao wakamsimamishia sanamu Vilnius mwaka 1995, ingawa hakuwahi kukanyaga huko.

## Kwa waliokwisha zama

Kwa nini albamu yangu inasikika tofauti na ya rafiki yangu?

Kwa sababu alizirudia. Katikati ya miaka ya 1980, alipozihamishia kazi zake za zamani kwenye CD, alifuta besi na ngoma za asili za *We're Only in It for the Money* na *Cruising with Ruben & the Jets*, akawarekodisha wapigaji wengine. Matokeo yake ni ngoma za miaka ya 1980 chini ya sauti za 1968, na mashabiki walichukia, kwa haki. *Hot Rats* nayo ilichanganywa upya. *Sleep Dirt*, iliyokuwa ya ala tupu, ikaongezewa mwimbaji.

Ya *Money* ilirudishwa ilivyokuwa kwenye toleo la 1995. Matoleo ya 2012 yalirudisha michanganyo ya santuri za asili kwa *Hot Rats* na *Sleep Dirt*. Ya *Ruben* ilipatikana 2010 chini ya jina *Greasy Love Songs*. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua hizo.

Läther ni albamu au ni kelele za mashabiki?

Ni albamu. Mwaka 1977, akigombana na kampuni ya Warner, alitaka kutoa santuri nne kwa pamoja, ikakwama. Desemba mwaka huo aliipeleka kwenye redio ya Pasadena, akaicheza yote na kuwaambia wasikilizaji wairekodi nyumbani. Baadaye kampuni ilizitoa nyimbo hizo vipande vipande kwenye albamu nyingine, zikiwemo *Studio Tan* na *Sleep Dirt*. *Läther* kamili ilitoka 1996. Ukiwa nayo, huna haraka ya kuzitafuta zile.

Zenokroni ni nini?

Ni jina alilolipa tendo la kuchukua solo kutoka kwenye mkanda wa tamasha moja na kulilaza juu ya wimbo mwingine wa studio, wenye kasi na mapigo tofauti. Solo nyingi za *Joe's Garage* zimetengenezwa hivyo, ila ile niliyoieleza kwenye swali la gitaa ilipigwa mahali pake. Mfano mfupi na wa ajabu ni "Rubber Shirt" kwenye *Sheik Yerbouti*: besi na ngoma zinajibizana kama marafiki wa siku nyingi, ilhali zilirekodiwa mbalimbali na wapigaji hawakuwa wakisikilizana.

Mbona vitu vile vile vinajirudia kutoka albamu hadi albamu?

Kwa makusudi. Kwake kazi zote zilikuwa kazi moja: nyimbo, mahojiano, majalada, filamu. Mbwa aina ya poodle anatokea hapa na pale kwa miaka, na wimbo kama "King Kong", uliojaza upande mzima wa *Uncle Meat*, aliendelea kuuvunja na kuujenga upya na kila bendi. Mimi hushauri uchague wimbo mmoja wa namna hiyo na uufuate mwaka hadi mwaka.

Kati ya zilizotoka baada ya kifo chake, ninunue zipi kwanza?

*Civilization Phaze III* ya 1994, kwa kuwa aliimaliza mwenyewe, ingawa ni ngumu. Kisha *The Roxy Performances* ya 2018, CD saba za bendi ile niliyoisifu juu, kwenye klabu ndogo ya Hollywood, Desemba 1973. Wenye kuipenda *Hot Rats* wana *The Hot Rats Sessions* ya 2019, ambamo unasikia "Peaches en Regalia" ikijengwa: piano kwanza, makosa, sauti ya Zappa ikielekeza, kisha mara nyingine tena.